Chupa za Chai za Mama Shani

Jumanne. Vumbi tupu, mvua hata harufu yake haijaja, na nimefunga duka mapema nikisingizia kichwa. Kichwa hakiumi. Ninachougua ni wivu, na leo nauandika kwa jina lake.

Mama Shani na mimi tulianza pamoja hapa sokoni Tabora, meza kwa meza, tukiuza vikombe na mabakuli. Mwaka jana akaenda China na wafanyabiashara wa Kariakoo, akarudi na mzigo wa chupa za chai zenye chapa kubwa, ile ambayo bibi harusi asipoipata anaona hakutunzwa. Wakulima wa Goweko na Ipole wakishauza tumbaku, wake zao wanapita mlangoni kwangu bila hata salamu, wanakwenda kwake. Mume wangu naye, akila chakula nilichopika mimi, akasema mwenzangu ana kichwa cha biashara. Nililala nimempa mgongo.

Sokoni kwetu mteja akitaka kitu huna, unakimbilia kwa jirani, unachukua, unauza, unampelekea hela yake. Mimi nikapitiliza. Nilizipanga chupa zake mbele ya duka langu, na kila aliyeuliza nilimwambia nimeagiza mwenyewe. Mama Shani alisikia, akacheka tu. Kicheko chake kiliniudhi zaidi.

Moja niliipeleka nyumbani. Nilipoisugua kwa dodoki, chapa yote ikatoka, ikabaki chupa haina jina.

Nilifurahi.

Sikumwambia mtu, na sikuacha kuuza. Mama Shani alipokuja kumjulia hali mwanangu Idi aliyekuwa na homa, nilimmiminia chai kutoka chupa ileile, makusudi. Aliitazama, akanitazama, akanywa. Tukaongea habari za homa.

Leo asubuhi wakaja wakaguzi wa bidhaa bandia, na askari nyuma yao. Walianzia kwangu kwa sababu chupa zilikuwa mbele. Mkubwa wao, mama mmoja wa sauti ya upole, alinieleza taratibu kwamba kuingiza nchini mali yenye chapa ya kughushi ni kosa la jinai, na kuiuza huku unajua ni kosa vilevile. Mahakama inaweza kutoza faini, au kufunga jela, au vyote viwili. Akauliza chupa ni za nani.

Mimi niliyeutangazia mji mzima kuwa ni zangu, nilinyooshea kidole duka la pili kabla hajamaliza kuuliza.

Mama Shani akaitwa. Hakulia. Alikiri kwamba mzigo aliuleta yeye, na kwamba bei aliyopewa kule ilimtia shaka akajifanya haoni. Wakamuuliza kuhusu zile za dukani kwangu. Alinitazama kama siku ile ya chai.

"Hizo nazo ni zangu," alisema. "Mama Idi nilimpa auze tu. Hajui chochote."

Wakaondoka naye kwenda kituoni.

Mchana kutwa wanawake wa sokoni wamekuwa wakisema yule mwanamke ana moyo. Hakuna aliyemsimanga, na wameshaanza kuulizana habari za wakili. Nilipaswa kumshukuru Mungu, lakini roho iliniuma. Nilitaka wanisifu mimi. Mtu anapelekwa polisi, nami namwonea wivu namna anavyokwenda!

Sasa nimekaa jikoni. Chupa isiyo na jina iko mbele yangu, na chai niliyoitia alfajiri bado ina moto.

Kesho nimeitwa kutoa maelezo. Wataniuliza kama nilijua. Nikinyamaza, yeye atabeba kesi yote peke yake. Nikisema, huenda tukasimama kizimbani wawili, meza kwa meza kama zamani.

Nimeiosha chupa na kuiweka ndani ya mkoba. Je, nitathubutu kuitoa, au na hili pia Mama Shani atanishinda?