Klachi Laini ya Kipanga

Jumatatu, 3 Machi

Nimemsikia kabla sijamwona. Nilikuwa chini ya pikapu ya mteja, na pale kona ya kiwanda cha mikate ikaanza ile kelele ya gari lake — kama kopo la misumari linatikiswa. Kipanga! Tangu aliponiambia nimpe muda afikirie habari ya ndoa, hakukanyaga tena gereji. Moyo ulinilipuka paa.

Anataka nimtolee klachi ya mashindano, nimfungie ya kawaida. Laini. Nilimuuliza mara mbili. Ile niliifunga mwenyewe huku namgombeza: sahani yake haina springi katikati, kwa hiyo kila mtikisiko wa injini unakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi, meno yanagongana. Na vile vipande vya kauri vinashika ghafla, gari linaondoka na kwikwi. Mwaka mzima nilimbembeleza aitoe. Alikuwa anacheka: acha lipige kelele, ujue ni mimi nakuja.

Leo kakubali mwenyewe. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumanne, 4 Machi

Giaboksi iko chini. Flaiwili, lile gurudumu la chuma linalobanwa na sahani, ina madoa ya bluu, imeungua. Lazima ichongwe, la sivyo hata sahani mpya itatetemeka. Nimeichomoa sahani mpya kwenye boksi — springi zimekizunguka kitovu vizuri. Hizo ndizo zinazomeza fujo yote. Bosi kaniuliza mbona natabasamu na vyuma.

Jumatano, 5 Machi

Alipiga simu mchana. Je, itakuwa laini kabisa, hata mlimani? Nikamwambia utaondoka bila kujua umeondoka. Halafu akasema mwenzake ni mjamzito, gari likimrusha anatapika. Alitaka nisikie kutoka kwake, si kwa watu.

Mwenzake.

Nikasema hongera. Kwa nini nilisema hongera?

Mimi nimeomba mwaka mzima. Huyo kaomba mara moja.

Alhamisi, 6 Machi

Flaiwili ilikuwa bado benchini na madoa yake. Nani angejua? Ningeifunga hivyo hivyo, baada ya wiki mbili gari lingeanza kurukaruka, na wao wangehangaika humo ndani. Niliiangalia mpaka chai ikapoa. Kisha nikaipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma. Mtoto hana kosa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza. Nimelijaribu mlimani — naachia pedali, gari linakwenda. Nikasimama, nikatoa gia, nikaachia pedali tena. Kimya. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna hii. Nimeegesha kando ya barabara nikalia, usukani umelowa.

Jioni amelichukua. Nilijificha stoo, bosi akampa funguo.

Jumamosi, 15 Machi

Bosi ana sheria yake: klachi mpya ikishazoea, gari lirudi, na aliyeifunga apande aisikilize barabarani. Nilimwomba aende yeye. Akakataa. Umefunga wewe, utasikiliza wewe. Hajui kitu, maskini, na sitamwambia.

Asubuhi yote nimekaa benchini natega sikio kona ya kiwanda cha mikate. Asije. Aje. Sikusikia kitu, nikaanza kufurahi kwamba haji.

Bosi akaniita. Nikainua kichwa — gari liko mlangoni, injini inawaka, na mimi niliyekuwa namjua tangu kona sikusikia hata kidogo. Wako wawili. Mwanamke ameshuka polepole, mkono kiunoni. Ana uso mzuri. Ameniita dada. Amenishukuru, anasema sasa analala usingizi humo ndani. Halafu akanifungulia mlango wa mbele: kaa wewe hapa, dada, usikie vizuri, mimi nitakaa nyuma. Kipanga anaangalia usukani.

Nimewaambia wanisubiri, ninawe mikono. Niko bombani nyuma ya stoo, naandika. Mikono yangu haina hata tone la grisi.