Ndara Moja Kutoka Msikitini

Baba Ilham,

Mbaazi zimo sufuriani, chai iko kwenye chupa. Sukari usiitafute, nimeificha. Kidonda nimekifunga vizuri. Usikifungue ukaanza kukichokoa. Na usitembee peku!

Nimekwenda msikitini kuitafuta ndara yako ya kulia, kisha nimchukue Ilham na gari lake tukupeleke kliniki. Wakupime mishipa, tujue kama damu bado inashuka hadi vidoleni.

Umerudi kutoka swala ya alfajiri na ndara moja, umechora mstari wa damu kutoka kizingitini hadi kitini, nawe wanisimulia mafua ya imamu. Nilipopiga kelele ukauliza, "Damu ya nani?"

~~Nina hasira nawe.~~ Sina. Yule nesi alituambia kisukari cha miaka mingi huua mishipa ya fahamu miguuni. Nikadhani anawasema wengine.

Tangu Ramadhani, kila nikiwamiminia wageni kahawa nakukanyaga kidole, ile ishara yetu tangu tuoane, kwamba basi, nyamaza. Nawe waendelea tu. Nikanuna, nikasema mume wangu hanijali tena. Kumbe nilikuwa nikibisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Nina hamu na mguu wako, na kila usiku nalala nao.

Jioni wageni wakija, nikikupa kikombe nitakufinya mkono. Ukihisi, nifinye nawe. Kisha sema upendavyo, hata mpaka kuche.

Mkeo,
Mama Ilham