Kisima cha Bwana Meya

Jumapili, 2 Oktoba 1994

Haya, ametangazwa. Mume wangu, Baba Dorika, Mwalimu Yeremia — mgombea udiwani wa kata yetu kwa tiketi ya chama kipya. Ibada ilipokwisha akasimama nje ya kanisa kuwasomea watu karatasi yake. Kurasa nne! Jua la Newala linachoma, watu wana njaa, yeye anasoma tu. Kwanza maji. Pili soko lenye paa. Tatu vyoo vya stendi. Nne taa za barabarani, ili siku moja Newala iwe jiji na meya wake. Jiji! Pampu ya bondeni haijanguruma tangu Juni, mabomba yamekauka, sisi tunaota jiji.

Jirani yangu Stamili, mtani wetu yule asiye na haya, akapiga vigelegele: Bwana Meya huyo! Kicheko. Sasa jina limeganda. Mpaka watoto njiani: shikamoo, Bwana Meya. Naye anaitikia marahaba, meno yote nje.

Mimi sikucheka. Miaka thelathini ya chaki. Si angepumzika?

Jumatano, 5 Oktoba

Nimepima kisima. Nimeteremsha ufito, umelowa alama nne. Mwaka jana siku kama hizi zilikuwa sita.

Kisima hiki cha kuvuna maji ya paa tulikichimba alipostaafu. Kimesakafiwa, kina mfuniko wa bati na kufuli. Ufunguo naufunga pindoni mwa kanga, simpi mtu. Mvua ni Desemba, nayo ikipenda. Kwa hiyo alama mbili za kunywa na kupikia. Mbili za Dorika.

Dorika, mwanangu, amerudi kwangu kujifungua. Mimba ya kwanza, ndiyo desturi. Ni mwezi huu huu. Akishazaa ni kumkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, siku arobaini. Si mchezo. Marehemu dada yangu alizaa kiangazi kama hiki, maji hakuna, wakamfuta kwa kitambaa kibichi basi. Homa. Siku ya tisa tukamzika. Sisahau.

Jumanne, 11 Oktoba

Siku mbaya. Mkutano wa Awadhi pale sokoni. Huyu ndiye mpinzani, mgombea wa chama cha zamani. Tangu biashara ziruhusiwe ananunua korosho, ana malori mawili na tumbo moja kubwa. Hakutukana. Alisema kwa upole tu kwamba Mwalimu anawaahidi maji huku mwenyewe kayalalia na kufuli juu. Kina mama wanashuka bondeni na madumu, mkewe kakaa kivulini anachambua mchele.

Wanawake wakageuka wakanitazama. Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke. Na lililoniuma zaidi — si uongo.

Jioni Baba Dorika hakugusa chakula, ming'oko niliyomchemshia.

Ijumaa, 14 Oktoba

Amefanya nini huyu mwanamume! Amepanda juu ya meza stendi, kanzu kaikunja mpaka magotini, akatangaza: kuanzia kesho kisima changu ni cha kata nzima. Kila nyumba ndoo moja kwa siku, bure, mpaka siku ya kura.

Changu! Hapa ni ardhi ya mama yangu, na ya bibi yangu kabla yake. Yeye alikuja kuoa hapa na sanduku la mbao na baiskeli. Kwetu mwanamume ndiye mgeni. Nikamwambia hivyo usoni. Mungu anisamehe, sijawahi kumwambia neno lile tangu tuoane.

Akanijibu: Mama Dorika, nikiwanyima maji niliyonayo, nani ataniamini kwa maji nisiyonayo?

Nikafungua pindo. Kosa ni langu pia, naliandika hapa: ufunguo niliutoa kwa mkono wangu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Ndoo. Madumu. Masufuria. Tangu alfajiri uwanja umejaa. Stamili amejipa cheo, anapanga foleni kama askari — wewe nyuma, wewe ulishachota, unadhani sikuoni? Lakini akigeuka tu, nyumba moja ndoo tatu. Nani atakataza? Wanamwombea dua mume wangu, Waislamu na Wakristo pamoja. Bibi mmoja amembusu mkono. Nilimwona anafuta machozi, mzee wangu. Nilimpenda siku ya leo, sitaficha.

Alama tatu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Alama mbili! Nimemwendea: zilizobaki ni za Dorika, funga. Akasema nikifunga leo, kesho Awadhi atasema nini? Eti tuvumilie, akishinda tu pampu itapata dizeli wiki hiyo hiyo. Anayaamini kabisa. Afadhali angekuwa mwongo, ningemshinda.

Dorika kasikia kutoka chumbani. Mama, mwache baba. Tumbo limeshuka, anatembea kwa kushika ukuta.

Jumatatu, 24 Oktoba

Ufito umetoka na tope.

Jumanne, 25 Oktoba

Kufuli limerudi mahali pake, juu ya tope. Watu walikuja na ndoo, wakachungulia, wakaondoka. Hakuna aliyetukana. Wangetukana ingekuwa nafuu.

Nimeshuka bondeni. Mara ya kwanza baada ya miaka saba. Kupanda kutoka kule na ndoo kichwani ni saa moja na nusu, magoti yanalia. Chemchemi inatoa uzi mwembamba tu, unakaa juu ya jiwe unasubiri zamu. Stamili alikuwepo. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 28 Oktoba

Dorika amejifungua. Mtoto wa kike, mzima. Mkunga aliomba maji, nikawa na nusu ndoo. Stamili alikuwa anapita kutoka bondeni, akaishusha ndoo yake mlangoni na kwenda zake. Usiku huu analala bila maji kwake, najua.

Bwana Meya kampakata mjukuu wake. Kamwambia ataoga bombani. Nilitoka nje.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimemkanda mara moja tu, asubuhi. Beseni moja. Jioni hakuna.

Jumapili, 30 Oktoba

Siku ya kura. Naandika nimekaa juu ya jiwe, huku bondeni.

Tulishuka alfajiri tukisema saa tatu tutakuwa tumepanda, tuoge, twende shuleni kupiga kura. Chemchemi imepungua tena. Ndoo moja inajaa kwa robo saa. Sasa saa saba imepita, mbele yangu bado kuna kumi na wawili. Vituo vinafungwa saa kumi.

Nimezungusha macho. Wote nawajua! Ndio wale wale waliojaa uwanjani kwangu, waliomwombea dua. Kisima kingekuwa na maji leo, wangekuwa wote kule juu. Stamili ametuhesabu kwa kidole: hamsini na wawili wa kata yetu. Akasema kura zote za Bwana Meya ziko hapa, zimekalia mawe. Hakuna aliyecheka.

Na nyuma yetu wamepanga wanawake wa vijiji vya chini, kata nyingine. Tukipanda, nafasi ni zao. Wameshasema. Haki yao.

Nilipotoka asubuhi nilimgusa Dorika shingoni. Joto. Nikajiambia ni blanketi. Ni siku ya tatu leo tangu azae.

Mzee wangu alikuwa ananyoosha tai mbele ya kioo. Kasema tutaonana kituoni, Mama Dorika, nitakutafuta kwenye mstari. Saa hizi anawatafuta wanawake wote hawa. Anasimama, anakaa, anatazama njia ya bondeni. Namwona kabisa.

Stamili amesimama sasa hivi, kanga kaifunga kiunoni. Anasema: Mama Dorika, mume ni wako, na mzazi anayengoja maji ni wako. Sema wewe. Ukipanda, tunapanda wote, ndoo tupu. Ukibaki, tunabaki.

Wote hamsini wananitazama.

Niseme nini? Kalamu hii naishika ili nisiwaangalie machoni.

Foleni imesogea. Mguu wangu umesukuma ndoo mbele, na bado sijafungua mdomo.