Miaka Miwili ya Ziada

Chumba cha pili,
Nyuma ya duka la dobi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana mara ya mwisho uliniuliza kwenye simu kama chuo kimenifundisha kusahau heshima. Goti linaendeleaje? Mama Mdogo alisema daktari amekukataza kupanda ngazi, na fundi wa kuchomelea asiyepanda ngazi sijui anachomelea nini, labda miguu ya viti. Natumaini baridi ya huko imepungua, na kwamba zile soksi tulizokutumia unazivaa, hujazifungia sandukuni kama mali ya urithi.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama bado anapiga pasi hapo mbele kwa dobi. Jioni miguu inamvimba, lakini usingizi anapata. Mimi sina ugonjwa wowote. Nimekonda kidogo, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Nimeamua kuandika kwa sababu mambo haya hayasemeki kwenye simu inayokatika kila dakika mbili. Halafu kwenye simu ungeniingizia utani, nami sina hali ya utani siku hizi, ingawa naona mmoja umeshanitoka hapo juu.

Unajua nasomea kutengeneza meno ya bandia. Huu ni mwaka wa tatu, ulikuwa umebaki mmoja. Mwezi wa kwanza chuo kilibandika orodha ya waliopata ufadhili, na jina langu lilikuwa la saba, la mwisho kupata. Nilirudi kulisoma mara nne, mikono imejaa unga wa plasta. Ada yote ingelipwa mpaka mwisho, na hela ya nta ya kufinyangia meno na vifaa juu yake. Sharti lilikuwa moja: pesa zinaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, si akaunti nyingine yoyote, na namba yake imfikie mhasibu wa chuo kabla Februari haijaisha. Asiyeileta, nafasi yake anapewa anayemfuata. Bila ufadhili nisingeweza kuendelea, hilo unalijua kuliko mtu mwingine, maana ulikuwa unatuma wewe mpaka goti likagoma.

Basi nikaenda benki. Nilivaa ile blauzi nyeupe, nikachukua namba, nikakaa kwenye viti vya chuma vilivyounganishwa vinne vinne, mmoja akijigeuza wote mnatikisika. Dada wa dirisha la tatu alikuwa mpole. Alizipanga karatasi zangu vizuri, akafika kwenye cheti cha kuzaliwa, akahesabu midomo ikichezacheza, akahesabu tena. Kisha akaniambia kwamba akaunti ya mwanafunzi ni ya watu wasiozidi miaka ishirini na minne, nami nina ishirini na mitano.

Nilicheka. Nikamweleza kwamba hilo ni kosa la karani, mimi nina ishirini na mitatu, muulize mtu yeyote wa kwetu. Akasema yeye ananiamini, ila kompyuta yake haina kwetu. Nikileta cheti kilichosahihishwa atanifungulia siku hiyohiyo. Nikauliza akaunti ya kawaida, ikatakiwa barua ya mwajiri, na hata ningeipata wafadhili wasingeitaka. Akanirudishia karatasi, akaita namba nyingine.

Hilo kosa la karani nimekua nalo, Baba Mdogo. Tangu darasa la kwanza nilikuwa na umri wa nyumbani na umri wa cheti, jina la nyumbani na jina la cheti, na sikuona ajabu. Chuoni kuna mwenzangu ambaye kwenye karatasi alizaliwa baada ya mdogo wake. Kwa hiyo nilitoka benki nimenuna, ndiyo, lakini sikuwa nimekata tamaa. Niliona ni suala la kupanga foleni ofisi ya vizazi na vifo, mama aseme ukweli, karani arekebishe tarakimu moja.

Nilimkuta mama kwenye meza yake, anapiga pasi mashati ya hoteli. Nikamweleza yote kwa haraka, nikamwambia kesho aombe ruhusa twende. Alisimama tu, pasi imekaa mahali pamoja juu ya kola, mpaka nikasikia harufu. Mama yangu, ambaye kwa miaka kumi na minne hajaunguza hata leso. Akaisimamisha pasi, akaikunja ile kola kuficha alama.

"Hakuna kosa la karani," alisema. "Cheti ni sahihi. Ila si chako."

Mengine unayajua wewe, na mimi ndiye niliyekuwa siyajui. Kwamba kabla yangu kulikuwa na mtoto. Kwamba aliishi mwaka mmoja na miezi kumi, akapata homa siku nne. Kwamba baba alikuwa safarini na lori lake, na mama alikuwa na mimba yangu ya miezi minane, ameishiwa nguvu kitandani, hawezi hata kukaa. Kwamba ulimchukua wewe mikononi ukatoka naye, na uliporudi mikono ilikuwa mitupu. Baada ya wiki tano nikazaliwa mimi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuniandikisha popote.

Siku zote nilijiuliza inakuwaje mtoto wa kwanza kama mimi aitwe Kadogo. Kumbe nilikuwa mdogo wa mtu.

Halafu akanieleza siku ya kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu alitaka cheti asubuhi hiyohiyo, nafasi zilikuwa mbili na watoto watano mlangoni. Ukakimbia nyumbani, ukafungua kasha la mama, ukachukua cheti pekee kilichokuwamo. Mwalimu akasema mbona mtoto wa miaka minane ni mfupi hivi, ukamjibu kwamba ukoo wetu wote ni watu wa karibu na ardhi. Mama aliposimulia hapo alicheka kidogo, mimi nikashindwa.

Nilikukasirikia siku tatu. Nakuambia wazi kwa sababu sitaki kukuandikia barua yenye uongo ndani yake. Kisha hasira ikaisha, nikaona kwamba bila zile mbio zako ningebaki nje ya geti, na hata hayo meno ya bandia nisingeyajua. Ulifanya ulichoweza kwa dakika ulizokuwa nazo. Usijilaumu, na usimwache Mama Mdogo akulaumu.

Ofisi ya vizazi na vifo nilikwenda kwanza peke yangu. Chumba kirefu, mafaili mpaka darini, na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayejua kazi yake. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema inawezekana, ila lazima kuanza na mwenye cheti. Mama ajaze fomu ya kifo cha yule mtoto kwanza, ndipo mimi niandikwe kama mtoto aliyechelewa kuandikishwa. Vyeti vya shule tungeviapia baadaye. Akasema pia kwamba akipata ile fomu kabla ya Ijumaa atanipa barua ya kupeleka benki, na huenda wakaipokea.

Siku mbili mama hakuniambia ndiyo wala hapana. Siku ya tatu, Alhamisi, nilimkuta amevaa gauni lake la bluu, amekaa kitandani, mkoba mapajani. Tukaenda.

Yule mzee alimpa kiti na kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la marehemu. Mama anaandika polepole, herufi moja moja, nami nilisimama nyuma yake nikaliona jina langu linajitokeza hapo. Jina ninaloitwa darasani, lililokuwa la saba kwenye orodha. Mstari wa pili ulikuwa tarehe ya kifo. Mama aliweka kalamu juu ya karatasi, akaiondoa. Akaiweka tena. Yule mzee akajifanya anatafuta faili kwenye rafu ya chini, Mungu ambariki.

"Nikiandika hapa atakuwa amekufa," mama aliniambia bila kugeuka. "Miaka yote hii alikuwa anasoma. Kila ripoti uliyoniletea ilikuwa na jina lake juu."

Nilikumbuka zile ripoti, jinsi alivyokuwa akipitisha kidole juu ya jina kabla ya kutazama alama, nami nikidhani anafurahi kwa ajili yangu. Nikaona wivu, Baba Mdogo. Nakuandikia kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwonea wivu mtoto ambaye hakufika hata miaka miwili, na papo hapo nikamwonea huruma mama.

Angeendelea kama ningenyamaza. Naijua tabia yake, angejaza ile fomu hadi mwisho kwa ajili yangu, kisha angerudi kwenye pasi zake bila kulalamika maisha yake yote. Ndiyo maana niliichukua fomu kutoka mkononi mwake, nikamrudishia mzee, nikamwambia asamehe usumbufu. Hakushangaa. Akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni mwa koti lake, hakuvitupa kwenye kapu.

Nje mama aliniuliza na akaunti je. Nikamwambia nitatafuta nyingine. Hakuna nyingine, nawe unajua, na yeye alijua.

Februari ikaisha. Mhasibu wa chuo alinipa siku moja ya nyongeza kwa hisani yake, nayo ikapita. Nafasi yangu akapewa msichana wa nane, mtu mzuri, huwa ananiazima kisu cha nta. Alikuja kuniomba radhi, nikamwambia hana kosa, kisha nikaenda chooni nikalia mpaka mfanya usafi akagonga mlango. Jumatatu nilirudisha ufunguo wa kabati. Nilikuwa na seti moja ya meno ya juu niliyoifikisha nusu, mwalimu akasema ataimaliza yeye.

Sasa nipo hapa kwa dobi na mama. Napokea nguo, naandika namba, nafunga vifurushi. Mwenye duka ni mtu wa maneno mengi lakini analipa kwa wakati. Mchana tunakula pamoja, na mama ananitazama kwa namna ambayo sijaizoea, kama anayetaka kuomba kitu. Juzi alianza kunisimulia habari za yule mtoto. Kwamba alikuwa anaogopa kuku. Kwamba alikuwa akilala mdomo wazi. Miaka ishirini na mitatu hakumtaja hata mara moja, sasa kila siku ananipa kidogo, nami napokea.

Sina hakika kama nilifanya vizuri. Kuna siku naamka na hasira, nahesabu ningekuwa kwenye somo gani saa hiyo. Usinitumie pesa, sikuandika kwa ajili hiyo, na goti lako lina madaktari wake. Wala usinipigie kunitia moyo, sitaki kutiwa moyo kwa sasa.

Mama anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia. Dobi naye anakusalimu, anasema suruali uliyoiacha kwake bado ipo na ameshaanza kuivaa. Nisalimie Mama Mdogo, mwambie kitambaa alichotuma kilimtosha mama na kikabaki. Wasalimie wale wadogo zangu wawili, waambie dada yao anawapenda na wasome kwa majina yao.

Nimebakiza ombi moja. Kwenye ile fomu kulikuwa na mstari wa chini kabisa, mahali alipozikwa. Siku ile nilimuuliza mama njiani, akasema hajui. Alikuwa hawezi kusimama wakati unaondoka naye, na uliporudi hakuthubutu kuuliza, wala wewe hukusema. Baba ameshatutoka. Umebaki wewe tu unayejua.

Niandikie ni wapi. Niandikie uliingilia njia gani, na kama kuna jiwe au mti wowote wa kunielekeza, na kama hakuna kitu nieleze hivyohivyo, nitatafuta. Nitampeleka mama akiwa tayari, lakini kwanza nataka kwenda mwenyewe. Nataka nimwambie kwamba jina lake lilifika mwaka wa tatu, na kwamba nililitunza vizuri kadiri nilivyoweza.

Mungu akupe nguvu ya kuijibu barua hii, na akulinde huko uliko.

Wako akupendaye daima, mtoto wa pili wa kaka yako,
Kadogo