Baba, Njia ya Ng'ombe Imelimwa

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini mkono umezoea, umeandika wenyewe.

Hapa Msowero masika yameanza na watu wote wako mashambani. Nawe ungekuwa huko, suruali umeikunja hadi magotini, ukigombana na kila anayekuita mheshimiwa. "Mwenyekiti wa kijiji ana uheshimiwa gani? Kiti chenyewe cha kuazima." Mikutanoni uliagiza anayekupinga aanze yeye kusema, tena apewe maji kwanza, kwa kuwa ana maneno mengi. Watu walicheka, halafu wakasema yaliyo moyoni.

Unakumbuka mwaka ule ng'ombe walipoingia kwenye mahindi, vijana wetu wakashika mapanga na Wamasai wakashika fimbo? Ulisimama katikati yao ukasema mifugo itapita kwenye shamba letu kwenda mtoni. Shamba letu, si la mtu mwingine. Mama alinuna wiki nzima. Nilikushikia kamba tulipopima ile njia, ukaniambia, "Mtu asiye na pa kupita usimwambie yuko huru. Na kiongozi akitaka watu watoe, aanze na chake." Hukuandikishana na mtu. Mlipeana mikono na Mzee Sendeu, mkubwa wa wafugaji, basi.

Baada ya arobaini yako tuligawana mirathi. Njia ikaangukia kwa mdogo wangu Hamisi, naye akaleta trekta. Fungu langu liko upande wa mlimani, halifiki mtoni. Nilimlilia, baba. Akaniambia, "Dada, ukarimu wa baba haulishi wanangu."

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti mpya akamuuliza Mzee Sendeu ni nani aliyempa ruhusa ya kupita. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akainamisha kichwa. Nikasimama nikasema ni baba yangu, nikaambiwa nikae, aliyeulizwa ana mdomo wake. Mikono ikanyooshwa, njia ikafungwa.

Nilimfuata Mzee Sendeu nje.

"Shikamoo mzee. Mbona hukumtaja?"

"Marahaba, mwanangu. Kwetu aliyekufa jina lake haliitwi tena. Yule alikuwa ndugu yangu. Ningemtajaje mbele za watu?"

Tumeishi na Wamasai miaka yote hii, tunauziana maziwa na mahindi, na mkutano mzima hakuna aliyejua. Hata mimi sikujua. Wewe ungejua, ungemuuliza swali jingine.

Jana walihama, kina mama wakiwa wamepakia vyombo juu ya punda. Wanasema wanaelekea upande wa Mikumi, ingawa huko nako kuna hifadhi na ng'ombe hawatakiwi. Walizunguka mbali kabisa, hawakukanyaga hata tuta moja la Hamisi. Yeye alisimama mlangoni akiwatazama. Nadhani naye aliumia, lakini mahindi yameshapandwa.

Moyo wangu umevunjika, baba, na sijui niupeleke wapi. Nikipita ofisi ya kijiji nageuza uso. Ulinifundisha namna ya kumsikiliza anayenipinga, ila hukunifundisha la kufanya anapokuwa ni tumbo moja nami.

Lala salama, baba. Ulipozikwa, kijiji kizima kililia pamoja nami. Kifo chako hiki cha pili nakililia peke yangu.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza