Namba Nane kwenye Frigo ya Kasuku

Kwako Mwajuma, binti yangu uliye mbali,

Tangu uliponipigia simu jana, mama yako ananicheka kwamba ninatabasamu peke yangu kama bwana harusi. Acha acheke. Alhamdulillahi, hawakukufukuza kazi.

Unaikumbuka frigo ya kituo chetu cha afya hapa Kasuku, lile jokofu la mafuta ya taa? Uliogopa dawa zitaiva, kwa kuwa chini yake kuliwaka moto. Nikakueleza kwamba baridi hailetwi na muntu. Joto njo linatolewa, na ule moto njo unalitoa. Macho yako yalikuwa mazima kuliko yangu, kwa hiyo kila asubuhi wewe ulisoma kipimajoto na kuandika namba kwenye karatasi ya ukutani. Ikipita nane, chanjo imekufa.

Kisha vita ikakata reli, mashua zikaacha kuja, mafuta yakatuishia. Asubuhi ile wamama walijaa uani, wengine wametembea kutoka Pangi, watoto migongoni, na surua ilikuwa inaua. Ukasoma kumi na mbili. Nikakuambia, "Andika nane, mutoto."

"Baba, iko kumi na mbili."

Nilikukaripia mpaka ukalia, lakini nane hukuiandika. Nikazimwaga chanjo zote. Nikatoka nje kuwaambia wale wamama warudi bila sindano. Na msamaha sikukuomba. Ukaidi wangu unaujua.

Sasa ninyi huko mnatengeneza frigo ya kompyuta ya kwanta, isiyotumia heliamu, ile gesi adimu. Ikiwa tupu, inafika baridi kali ajabu. Mkiunganisha nyaya zote za kompyuta, joto linaingia nazo, baridi inawatoroka, hesabu zinaharibika. Wakubwa wakataka uandike kwamba imeshika baridi. Ukaandika ulichosoma: haijashika. Uliponieleza hayo juma lililopita, niliogopa watakufukuza. Jana ukasema mkubwa wako amekubali, mnaanza upya na nyaya, na kipimajoto amekuachia wewe.

Nimeshusha pumzi, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilitaka kukupitisha humo. Nisamehe ile asubuhi.

Baba yako,
aliyesema nane.