Chumvi ya Mugonjwa

Jumanne

Chumvi haimusaidii bado. Samaki yangu nilimutoa mu akwariyumu, nikamutia peke yake mu basene, na iko analala tu kando, madoa meupe mu mapezi.

Asubuhi ku butiki niliona haya kusema chumvi ni ya samaki. Nikasema chumvi ni ya mugonjwa wangu, basi. Mangaribi Mama Neema, jirani mwenye alisikia habari kule butiki, akapiga hodi na termosi ya uji.

"Mugonjwa iko wapi?"

Nikamuonyesha basene. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza: "Na weye mwenyewe, uko aje?"

Tangu muke wangu alikufa, hakuna mutu aliniuliza hivyo.

Uji nilikunywa wote. Amesema kesho atarudi kuangalia mugonjwa.

Samaki, upone. Lakini usipone mbio.